Mwenzio Yuko Wapi?

Kikundi chetu cha nasaba kilizaliwa na posa iliyoharibika. Kijana mmoja wa hapa Kibiti alipeleka barua kwa wazee wa binti wa Bungu. Barua ikapokelewa, vitumbua vikaliwa, na mzee mmoja aliyekuja kusindikiza tu akauliza babu wa binti alikuwa nani. Alipotajiwa jina akaweka kikombe chini. Babu wa yule binti ndiye aliyekuwa baba wa yule kijana. Marehemu alioa kule delta, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, akaacha, akaja kuoa tena huku barabarani, na watoto wa huku hawakuwahi kuwajua wa kule. Mposaji alikuwa baba mdogo wa mposwa.

Watu walicheka wiki nzima, halafu wakaanza kuogopa. Wengi wetu hapa ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka visiwani. Wengine walifukuzwa na mafuriko, wengine walihamishiwa vijiji vya barabarani, wakatawanyika Kibiti, Ikwiriri, hadi Mohoro. Kila mtu akajiuliza ana ndugu wangapi asiowajua. Basi tukaanzisha kikundi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kama kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kunibishia, ni mwandiko wangu. Walinifanya katibu siku ya kwanza, kabla hata mwenyekiti hajapatikana. Tulikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi darasani kwangu, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Kila familia ilikuwa na karatasi yake ya manila. Jina lilikaa kwa penseli mpaka watu wawili wasiolala nyumba moja walitaje sawasawa. Hapo ndipo nililiandika kwa wino. Kanuni hiyo niliitunga mimi. Nilifyeka makaburi ili tujue nani amelala karibu na nani. Nilisoma vyeti vya ndoa vilivyoliwa na mchwa. Nilipanda pikipiki hadi Mohoro kumwona mzee aliyekumbuka koo za watu wote isipokuwa wake.

Aibu yangu ilikuwa karatasi ya kwetu. Za wenzangu zilijaa mpaka pembeni. Yetu ilipanda hadi kwa babu, ikagusa jina la baba yake, ikaishia hapo.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: nenda kisiwani, kuna bibi. Bibi huyo tulijua ni mtu wa ukoo, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni wa ukoo kwa njia ipi. Aliishi na binti yake kwenye kisiwa alichozaliwa baba yangu. Miaka yake hakuna aliyeihesabu, lakini macho yalikuwa yanaona na masikio yanasikia, na watu walisema akianza kutaja watu wa zamani hanyamazi.

Kwangu alinyamaza. Nilikwenda mara tano, kila mara na sukari na majani ya chai. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa jamvi, nikamwamkia, akaitikia. Aliuliza habari za Kibiti, za mvua, za mpunga. Nikifungua daftari tu, mambo yalibadilika.

"Leo kichwa hakiko sawa, mwanangu."

Au: "Nimesahau. Hayo ya zamani."

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama ukili. Nilirudi bandari ya Nyamisati na boti ya jioni, nikapanda gari la Kibiti, na kwenye kumbukumbu za kikao nikaandika neno moja: Amesahau. Wajumbe wakanipa pole.

Kisha akaja mdogo wangu. Namwita hivyo kwa kuwa ni mtoto wa baba mdogo, na nimempita miaka kumi. Alikulia Dar es Salaam, ndoa yake ikavunjika, akarudi Kibiti kufungua steshenari ndogo karibu na stendi: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Sura yake yote ni ya kwa mama yake, watu wa Lindi. Ukimwona njiani huwezi kusema ni wetu. Ni mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema, na ananiita dada katika kila sentensi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kikundini. Hilo huwa nalikumbuka.

Mwezi wa pili alijitolea kuzitia manila zetu kwenye kompyuta. Mwezi wa nne alikuja na ukoo mmoja aliouchapa kwenye karatasi kadhaa na kuziunganisha kwa gundi, herufi zote sawa, mistari imenyooka. Mwenyekiti wetu, mzee aliyewahi kusimamia kambi za wakata mikoko, alipitisha kidole juu yake kama anapima boriti.

"Sasa hiki ndicho kitu," alisema.

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Manila zangu zilikuwa zimetundikwa ukutani nyuma yao, na kwa mara ya kwanza niliziona zilivyopinda.

Aliponiomba nimpeleke kwa bibi wa kisiwani, nilikubali upesi. Nitasema ukweli: nilitaka naye akasahauliwe. Nilitaka arudi na lile neno moja.

Tulifika asubuhi. Nilikaa pembeni ya jamvi, daftari mapajani, kama kawaida yangu. Mdogo wangu hakutoa daftari. Aliweka simu chini, akavuta mwanzo wa ukili, akaanza kusuka. Alisuka vibaya mno. Bibi alimtazama kidogo, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, bibi. Ndiyo nafundishwa sasa."

"Hebu lete hapa, mke mwenzangu, usije ukaniharibia jamvi."

Mke mwenzangu. Ni utani wa mabibi wote wa pwani kwa wajukuu wao wa kike. Nilimsikia bibi yule akiwaita hivyo wasichana wa jirani, mke wa nahodha wa boti, hata mwuza dagaa anayepita. Mimi, kwa mara zote tano, nilikuwa mwanangu.

Ilipoadhiniwa adhuhuri alikuwa ameshamtajia baba saba wanaofuatana. Alitaja na kambi walikokata boriti, na aliyekufa maji, na aliyekwenda Mafia asirudi. Simu ilikuwa inarekodi. Nami nilikuwa naandika, maana katibu lazima aandike. Nilikuwa naandika majina ya babu zangu mwenyewe, niliyoyatafuta kwa miaka, na kifua kinaniwaka kwa hasira.

Ndani ya boti, wakati wa kurudi, mdogo wangu alisinzia, kichwa chake begani kwangu. Nilikiacha hapo, lakini sikukishika.

Kikao kilichofuata kilikuwa chake. Sauti ya bibi ikachezwa darasani. Kisha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na wiki nzima simu yangu haikutulia kwa watu wanaomshukuru. "Tumepata mtu," alisema mwenyekiti. Nilijiuliza moyoni, mimi niliyekuwa hapa miaka yote nilikuwa nani? Mdogo wangu akasimama, akasema, "Jamani, ni dada aliyenipeleka. Mimi nilikaa tu." Angejisifu, ningepata kosa la kumlaumia. Hakunipa hata hilo.

Nyumbani sikula. Mume wangu akauliza kulikoni, nikamweleza.

"Si karatasi ni ya kwenu wote wawili?" aliniuliza. "Si babu mmoja?"

Ni kweli. Lakini mimi nilitaka iwe nimeipata mimi. Nikatoa vyombo.

Ikabaki safari ya pili. Bibi alikuwa ametaja wanaume. Wake zao na mabinti zao alisema watakuja siku nyingine. Tukapanga siku. Kupiga simu kwa nahodha ni kazi ya katibu, kwa sababu kule boti haiondoki kwa saa ya ukutani, inaondoka kwa maji. Nahodha akaniambia tuwe Nyamisati saa kumi na mbili asubuhi, kwani baada ya hapo maji yanakupwa na mkondo unabaki tope mpaka alasiri.

Nilikata simu, nikampigia mdogo wangu.

"Boti ni saa nne," nilimwambia. "Mimi nitatangulia, kuna mtu nampelekea mzigo. Tukutane palepale."

"Sawa dada. Nibebe nini?"

"Usibebe kitu."

Sikuwa na mzigo wa mtu yeyote. Sikuwahi kudanganya kirahisi namna ile. Alfajiri nilipanda pikipiki hadi Nyamisati, nikaingia botini, na tulipoingia kwenye mikoko nikazima simu.

Bibi alikuwa barazani. Alitazama nyuma yangu kabla ya kunitazama mimi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Anaumwa, bibi."

"Anaumwa nini?"

"Kichwa."

"Basi atapona. Mtakuja naye."

Akarudi kwenye ukili wake. Nilikaa. Nilitoa sukari, nikafungua daftari, nikauliza mke wa babu wa babu yangu alitoka ukoo gani. Akasema amesahau. Nikauliza dada zake. Amesahau. Wiki tatu nyuma, mbele yangu, alikuwa amekumbuka jina la mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Sijui nilitoa wapi ujasiri, au pengine ulikuwa utovu wa adabu. Nilifunga daftari kwa kishindo.

"Bibi, hii ni mara ya saba naketi hapa. Yule amekuja mara moja umempa kila kitu. Mimi nimekukosea nini?"

Binti yake, aliyekuwa anapeta mchele uani, akasimamisha ungo. Bibi hakukasirika. Aliweka ukili chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, muda mrefu.

"Geuza uso kule," alisema. Nikageuza. "Haya, rudi." Nikarudi. "Hata shingo. Kwenu hawakukwambia kwamba wewe ni bibi yako mtupu?"

Waliniambia. Mama yake baba alifariki mimi nikiwa mdogo, lakini shangazi zangu walikuwa wakishtuka nikiingia ghafla.

"Mimi babu yako alinioa," akasema bibi.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimwangalia binti yake, naye akaniangalia kama mtu ambaye habari hiyo amekuwa akiijua zamani.

"Miaka mitatu. Bibi yako mke mkubwa, mimi mke mdogo. Nyumba mbili, uwanja mmoja. Huyu binti nilimzaa huko mbele kwa mume mwingine. Kwa babu yako sikupata mtoto."

"Alikutesa?" niliuliza. Nilikuwa tayari kuomba radhi kwa niaba ya marehemu.

"Nani, bibi yako? Angenitesa ningeshukuru." Akacheka kidogo, bila furaha. "Alinifundisha kusuka. Huu ukili unaouona ni mkono wake. Akipika samaki wa nazi, cha kwanza analeta kwangu. Nikiugua ananikanda. Na jioni wakikaa, yeye na mumewe, wanacheka. Mimi sikujua wanacheka nini. Nikitoka nje wananiita, njoo nawe. Sikwenda. Nilikuwa nakaa ndani nasikiliza wanavyocheka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikadai talaka. Wazee waliuliza kosa, sikuwa nalo. Nikasema simtaki tu. Nikarudi kwa mama, nyumba ya nne kutoka pale. Kisimani namkuta, ananiamkia, ananiuliza hali. Mpaka walipohama nikashukuru Mungu." Akaokota ukili, akauangalia, asisuke. "Halafu unakuja wewe. Unatokea pale njiani na sura ileile, sukari mkononi. Nitakuitaje mke mwenza? Kwa hawa wengine ni utani."

Kuku walipita. Binti yake akaendelea kupeta, polepole.

"Bibi," nilisema mwishowe, "nikuandike?"

"Niandike wapi?"

"Kwenye karatasi ya ukoo. Mke wa babu."

Alifikiri. "Nataka niandikwe. Miaka mitatu ni miaka. Lakini usiniandike wewe." Alisema taratibu, bila ubaya. "Aniandike mwenzio. Akipona kichwa."

Sijui kama alikuwa amejua kwamba nimedanganya. Na majina ya wanawake hakunipa hata moja. Aliniletea chai na mhogo, nikala, nikaaga, akaitikia.

Boti ilirudi saa kumi, maji yakiwa yamejaa. Kwa mbali niliiona kanga ya njano pale bandarini Nyamisati, nikajua ni yeye. Nilitegemea atakuwa amesharudi Kibiti kwa hasira. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno ya kumjibu kwa simu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, katikati ya wanawake wakaanga samaki, amekunja kanga mapajani, ana daftari, na vidole vina mafuta.

"Dada! Pole na safari. Umekula?"

Nikakaa kando yake. Mmoja wa wale wakaanga samaki alinitazama kwa jicho ambalo nilistahili.

"Umengoja tangu saa ngapi?" niliuliza.

"Tangu saa tatu na nusu. Hawa mama zangu wameniambia boti iliondoka alfajiri." Alifuta vidole. "Na kwamba wewe ndiye uliyezungumza na nahodha."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Nilitaka uniambie mwenyewe."

Nilimwambia. Sikumwambia vizuri, nilianza na wanaume saba, nikarudi kwenye makofi, nikataja gundi na mistari iliyonyooka, mambo ya kitoto ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyasikia yakitoka kinywani mwake. Alisikiliza. Mara hii hakucheka.

"Ningejua unataka niache, ningeacha," akasema.

"Ndiyo maana sikukwambia."

Kisha machozi yakamtoka, machache, akayafuta kwa ncha ya kanga, akasema nimemfanya aonekane mjinga mbele ya watu siku nzima. Nikamwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na wala sikumuuliza. Ndipo nikamweleza habari ya bibi, ya ndoa ya miaka mitatu, na kwamba anataka aandikwe na yeye, si na mimi.

Katika gari la kurudi Kibiti alinionyesha daftari. Wakati wa kunisubiri alikuwa amezungumza na wale wanawake, na wawili kati yao walikuwa wa ukoo ambao kikundi kimeutafuta bila mafanikio. Kurasa nne zimejaa. Nilizisoma zote. Mwandiko wake ni mbaya, na majina yalikuwa sahihi, na wivu ukanirudia palepale, mbichi, kabla hata hatujatoka Nyamisati.

Siku nyingine alikwenda kisiwani peke yake. Mimi nilimpa saa ya boti, na nilimsindikiza hadi gari. Alirudi na wanawake wote: wake, mabinti, na wake walioachwa. Ukoo wetu ulichapwa, na karibu na babu kuna wanawake wawili, mmoja kila upande. Chini kabisa aliandika waliokusanya, jina langu likatangulia lake. Sikumwomba. Nilipoliona nilishukuru, na nilikereka kwamba ni yeye aliyenipa.

Jumapili ya kuonyesha ukoo wetu darasa lilijaa. Watu walikuja hadi kutoka Utete. Shangazi yangu alitafuta jina la mama yake, akaligusa, akagusa na lile jingine, akauliza huyu ni nani. Tukamweleza. Akasema alikuwa akikumbuka kuna nyumba ya pili uwanjani, na alidhani ni ya kuku.

Baadaye, wakati nagawa chai, mzee mmoja mgeni alinijia. Alikuwa ametoka Ikwiriri, ana mama mzee nyumbani asiyetaka kusema chochote kuhusu kwao.

"Mwalimu," alisema, "nimeambiwa hapa yupo mwanamke anayejua kuwafungua mabibi vinywa. Ni nani?"

Kabla sijajibu, watu watatu walimwonyesha mdogo wangu. Mdogo wangu, aliyekuwa upande wa pili na sahani ya maandazi, akaninyooshea kidole mimi. Mzee akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena, kwa heshima zote.

"Basi nitamsubiri yule," akasema.

Nilicheka na wenzangu. Iliuma. Nilimwekea sukari vijiko viwili, nikamtafutia kiti karibu na dirisha, nikaenda kumwita mdogo wangu.